Kufundisha Majina ya Nyota: Jina, Cheti na Mchango

Mwalimu anayefundisha habari za anga katika darasa la tano au la sita hukutana mapema na swali ambalo vitabu vingi vya kiada havikulijibu: ni nani aliyezipa nyota majina, na je, mtu wa kawaida aweza kuipa nyota jina alitakalo? Siku hizi swali hilo limepata mwenzake. Ziko kampuni na vyama katika nchi za nje vinavyomwalika mtu alipe fedha ili nyota, sayari, au hata shimo lililoko katika sayari nyingine liitwe kwa jina atakalolitaja, na baadhi yao husema kwamba fedha hizo zitasaidia utafiti wa astronomia. Matangazo ya namna hiyo yaweza kufika katika simu ya mzazi aliyeko Nyarugusu sawasawa na yanavyofika kwa mtu wa London. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo hili lilivyo, na kuonyesha jinsi mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Geita anavyoweza kulifanya somo la vipindi viwili au vitatu.

Tuanze na neno letu wenyewe. Mwaka 2012 kikundi cha wanasayansi wa Marekani, wakiongozwa na Alan Stern, kilijitangaza kuwa kimeanzisha kampuni iitwayo Uwingu, yenye makao katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado. Stern ndiye aliyeongoza safari ya chombo New Horizons, kilichopita karibu na Pluto mwezi wa Julai 2015. Hakuwa mtu wa kubahatisha katika fani yake. Jina la kampuni walilichukua katika Kiswahili. Uwingu ni umoja wa mbingu, kama ubao ulivyo umoja wa mbao na ulimi umoja wa ndimi. Wasemaji wengi wa leo wameuacha umoja huo, nao husema mbingu moja kwa moja, au anga. Watoto wengi wa Geita hawajapata kulisikia neno lenyewe, na wakilisikia watalichanganya na wingu. Inachekesha kidogo kwamba neno tuliloliacha lipumzike katika kamusi lilikwenda kufanya kazi Colorado. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi, ambao katika shule nyingi za msingi ni mtu mmoja, ana hapa kipindi kizima.

Sababu ya kampuni hiyo kuundwa ilikuwa fedha. Utafiti wa anga hutegemea sana bajeti za serikali, nazo zilikuwa zikipungua. Wanasayansi hao waliona kwamba iwapo watu wengi wa kawaida watalipa kidogo kidogo kwa jambo linalowafurahisha, sehemu ya mapato yaweza kuwa ruzuku kwa watafiti na walimu. Walianza kwa kuomba michango ya watu, wakapata zaidi ya dola 75,000 mwaka huo wa 2012. Kisha wakafungua daftari la majina ya sayari zilizoko nje ya mfumo wa Jua letu: kupendekeza jina moja kulikuwa dola 4.99, na kulipigia jina kura dola 0.99. Mwaka 2014 wakaja na ramani ya Mirihi, ambayo vitabu vingine huiita Mars. Sayari hiyo ina kreta, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, zaidi ya nusu milioni ambazo hazikuwa na majina. Bei ilianzia dola 5 kwa shimo dogo, ikapanda kwa kadiri ya ukubwa wa shimo. Lengo lilikuwa kupata dola milioni 10 kwa ajili ya mfuko wa ruzuku.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioundwa mwaka 1919, ndio chombo ambacho wanasayansi wa nchi nyingi wamekubaliana kiwe mratibu wa majina ya vitu vya angani. Aprili 2013 Umoja huo ulitoa tamko kwamba majina yaliyolipiwa hayaingizwi katika orodha zake kwa sababu ya malipo hayo, na ukarudia msimamo wake mwaka uliofuata kuhusu mashimo ya Mirihi. Uwingu nao walijibu kwamba anga si mali ya Umoja wala ya mtu yeyote, na kwamba watu wana haki ya kutumia majina wayapendayo. Ukitazama kwa utulivu, kila upande ulikuwa na neno la kweli. Lakini mwanafunzi wa darasa la tano hatatosheka na jibu kwamba wote wana haki. Atauliza: basi lile shimo linaitwaje?

Kabla ya kumjibu, yafaa tutaje mkasa mmoja katika habari hii. Miongoni mwa sayari ambazo Uwingu walizishindanishia majina mwaka 2013 ilikuwamo ile iliyotangazwa Oktoba 2012 kuwa inaizunguka Alfa Sentauri B. Nyota hiyo ni jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi. Watu walilipa, wakapiga kura, jina likashinda. Mwaka 2015 watafiti wengine walivichambua upya vipimo vilevile, wakaonyesha kwamba dalili iliyodhaniwa kuwa sayari haikuwa sayari. Ilikuwa imetokana na namna vipimo vyenyewe vilivyochukuliwa na kuchambuliwa. Basi jina likabaki, na mwenye jina hayupo. Hatuelezi haya ili kuwacheka waliolipa. Twaeleza kwa sababu hakuna mfano bora zaidi wa kumwonyesha mtoto kwamba sayansi hujisahihisha, na kwamba cheti hakiwezi kukiumba kitu kilichoandikwa juu yake.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Mwalimu wa Geita ana bahati, kwa kuwa mazingira yenyewe yamemwandalia mifano miwili, mmoja wa dhahabu na mwingine wa majina ya watu.

Mtoto wa Rwamgasa au Nyarugusu anajua duara ni nini. Anajua kwamba kuchimba kwahitaji leseni, na kwamba leseni hutolewa na mamlaka ya serikali, siku hizi Tume ya Madini. Mtu akikuandikia kwa mkono wake karatasi isemayo, "Nimemuuzia fulani eneo hili la dhahabu," naye hana leseni ya eneo hilo, karatasi hiyo yaweza kupigwa muhuri mwekundu na kuwekwa katika fremu, lakini siku ya ugomvi haitamsaidia aliyeinunua. Mfano huu watoto huushika mara moja. Hata hivyo mwalimu asiuvute kupita mpaka wake. Madini yana mwenyewe katika sheria, lakini nyota hazina. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1967 kuhusu anga za juu umezuia taifa lolote kujitwalia mwezi au sayari, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia haudai kwamba unazimiliki nyota. Kazi yake inafanana zaidi na ile ya Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka huohuo wa 1967. Baraza halimkamati mtu kwa kutumia neno lake mwenyewe sokoni; lakini waandishi wa vitabu vya shule hufuata maneno yaliyosanifiwa, ili mtoto wa Chato na mtoto wa Tanga wasome kitabu kimoja wakaelewana.

Mfano wa pili ni wa majina ya watu, nao twaupenda zaidi. Katika familia nyingi za Kisukuma pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua huenda akaitwa Mabula. Majina hayo yana habari ndani yake, na jamii nzima huijua habari hiyo. Mwulize mtoto: je, baba akilipa shilingi elfu kumi, aliyezaliwa peke yake aweza kuwa Kulwa? Darasa litacheka. Mtu aweza kumwita hivyo kwa utani, hata maisha yake yote, lakini shangazi akija kutoka Bukombe atauliza Doto yuko wapi. Kwa swali hilo moja watoto wamekwisha kufahamu kwamba jina ni maafikiano ya watu wanaolitumia, na kwamba malipo peke yake hayafanyi maafikiano.

Baada ya hapo mwalimu anaweza kuendesha mchezo ambao tunauona kuwa kiini cha somo hili. Zana zake ni rahisi: kipande kikubwa cha boksi, msumari, tochi na vifuniko vya chupa za soda. Toboa matundu kama kumi na mawili katika boksi, bila mpango, mengine makubwa na mengine madogo. Ukiliweka boksi dirishani mchana, mwanga utapenya katika matundu nalo litakuwa anga la nyota. Kwa darasa lenye watoto themanini au zaidi, tengeneza maboksi mawili yenye matundu yaleyale, kwa kuyatoboa yakiwa yamebandikwa pamoja. Nusu ya darasa wakae na boksi moja chini ya mwembe, nusu wabaki ndani na la pili. Kila upande uyape majina matundu yote. Kisha kila upande umtume mjumbe kwa wenzao na ujumbe wa maneno tu, kwa mfano: "Jana usiku kimondo kilipita karibu na Mabula." Wenzao hawatajua Mabula ni tundu lipi. Watauliza, watabishana, watanyosheana vidole. Waache wahangaike kidogo; mwalimu anayekimbilia kusema jibu mapema hulipoteza somo. Baadaye waite wote pamoja, wayajadili majina na kuafikiana orodha moja. Ujumbe wa pili utafika mara moja.

Sasa ingiza duka. Mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kuwa mwuzaji wa majina, na wengine kumi wape vifuniko vitano vitano kuwa fedha. Mwuzaji anapokea vifuniko na kuandika cheti kizuri: "Tundu hili sasa laitwa Shija." Wanunuzi watafurahi. Ndipo mwalimu amwambie mtoto ambaye hakuwapo dukani alitafute tundu la Shija kwa kutumia orodha ya darasa. Hataliona. Mwulize mnunuzi amepata nini kwa vifuniko vyake. Wengine watasema amedhulumiwa, wengine watasema amepata furaha na cheti. Majibu yote mawili yaandikwe ubaoni, maana yote mawili ni ya kweli, na mjadala wa watu wazima juu ya Uwingu haukwenda mbali zaidi ya hapo.

Hatua ya mwisho ya mchezo huwa inasahauliwa, nayo ndiyo yenye haki kwa upande wa pili. Ondoa betri katika tochi. Liambie darasa kwamba usiku hatutaweza kuliona anga letu la boksi mpaka betri inunuliwe, na betri ni vifuniko ishirini. Je, darasa zima, ambalo ndilo lililotunga orodha, linakubali kuuza jina la tundu moja ili lipate betri? Wakikubali, jina litaingia katika orodha, betri itanunuliwa, na tochi itawaka mbele ya macho yao. Hapo malipo yameleta maafikiano na mwanga kwa pamoja, kwa kuwa waliouza ndio waliokuwa na haki ya kutoa jina, na kila mtu ameona fedha zilikokwenda.

Mchezo huo si hadithi ya kubuni tu. Mwaka 1885 Johann Palisa, mwanaastronomia wa Austria aliyegundua sayari ndogo nyingi, alitangaza kwamba yu tayari kuuza haki ya kuipa jina mojawapo ya alizozigundua kwa pauni 50. Alihitaji fedha za safari ya kwenda kutazama kupatwa kwa Jua kulikotazamiwa Agosti 1886. Haki hiyo ilinunuliwa na familia ya Rothschild, na sayari ndogo ya 250 ikaitwa Bettina, kwa jina la mke wa Albert von Rothschild. Inaitwa hivyo hadi leo. Palisa alikuwa mgunduzi, na desturi ya wakati ule ilimpa mgunduzi haki ya kutaja jina. Kwa hiyo alichokiuza kilikuwa chake.

Wakubwa waliomtangulia walijaribu njia hiyo wakashindwa nusu. Galileo, alipoiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610, aliiita nyota za Medici, kwa heshima ya ukoo uliotawala Firenze, naye akapata cheo na mshahara katika jumba la mtawala. William Herschel, aliyegundua sayari mpya nchini Uingereza mwaka 1781, aliiita nyota ya George kwa jina la mfalme wake, na mfalme akampa pauni 200 kila mwaka. Katika visa vyote viwili fedha zilikuwa za kweli na sayansi ilifaidika, lakini majina hayakudumu. Wanaastronomia wa nchi nyingine hawakuona sababu ya kumtukuza mfalme asiye wao. Leo miezi ile ni Io, Europa, Ganymede na Callisto, na sayari ile ni Uranus. Mwalimu wa historia atatambua jambo hili haraka, maana ramani za Afrika nazo zilijazwa majina ya wafalme wa mbali, na ziwa letu kubwa linaloonekana kutoka Chato lingali na mojawapo.

Iko pia njia ya kutoa jina bila malipo yoyote, na Tanzania imekwisha kuipitia. Mwaka 2019, ulipotimiza miaka 100, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikaribisha kila nchi kupendekeza majina ya nyota moja na sayari yake. Nchi 112 zilikamilisha kazi hiyo, na majina yakatangazwa Desemba 2019. Tanzania ilipewa nyota iliyojulikana kwa nambari WASP-71, katika kundinyota la Nyangumi. Nyota hiyo sasa inaitwa rasmi Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Sayari hiyo ni kubwa kuliko Mshtarii, nayo huizunguka nyota yake kwa muda usiotimia siku 3. Wenzetu wa Kenya walichagua maneno ya Kijaluo: nyota yao ni Kalausi, yaani kimbunga, na sayari ni Buru, yaani vumbi. Tunaona kwamba uchaguzi wa Kenya ulikuwa na mashairi zaidi. Lakini mtoto wa darasa la nne anayeijua filimbi na kinyago cha mpingo ataikumbuka nyota yetu bila taabu. Majina haya yafundishwe. Si haki mtoto wa Tanzania aambiwe majina ya Kiarabu na ya Kigiriki tu, kama vile nyota zote zimekwisha kugawiwa.

Hata jina la kijiji laweza kwenda mbali bila senti. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, ambako leo ni Mkoa wa Songwe. Kwa kuwa vimondo huitwa kwa jina la mahali vilipopatikana, kikaitwa Ivuna. Na kwa kuwa ni cha aina adimu sana, aina nzima ya vimondo vyenye kaboni ikapewa herufi ya kwanza ya kijiji hicho. Watafiti wa Japani walipoleta duniani udongo wa asteroidi Ryugu mwezi wa Desemba 2020, waliona kwamba unafanana zaidi na vimondo vya kundi la Ivuna.

Kuhusu galaksi, maelezo mafupi yatatosha. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Yetu ni ile tuionayo kama Njia Nyeupe katikati ya anga. Galaksi ni nyingi mno hata wanasayansi wameridhika kuzipa nambari, na chache tu zina majina yanayotamkika. Lakini nambari si tusi, na watoto wa Geita wana sababu ya kuikumbuka moja. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilinasa mtikisiko uliosababishwa na nyota mbili za neutroni zilizogongana. Darubini nyingi zikaelekezwa huko, na mwanga ukaonekana katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Katika mwanga huo wanasayansi waliona dalili za elementi nzito zilizokuwa zikiumbwa, za jamii ya dhahabu na platini. Kwa hiyo wanaona kwamba sehemu ya dhahabu iliyoko duniani, pamoja na hii inayotafutwa katika maduara yetu, ilitokana na migongano ya namna hiyo kabla ya Dunia kuwapo. Hakuna aliyelipa ili galaksi ile iitwe Geita, wala hapana haja.

Sasa tuseme wazi kuhusu fedha, kwa kuwa mwalimu aweza kuombwa ushauri na kamati ya shule au na mzazi. Kampuni za kuuza majina ya nyota zimekuwapo Marekani tangu mwaka 1979. Vyeti vyake ni zawadi; havina nafasi katika orodha za wanasayansi, na anayevinunua kwa kujua hivyo hajadanganywa na mtu. Kwa upande mwingine, ipo michango inayoeleza bayana inachouza. Mradi wa Pale Blue Dot, ulioanzishwa Marekani mwaka 2008, uliwaalika watu wailee nyota moja kwa dola 10, na fedha zikasaidia watafiti waliotumia vipimo vya darubini Kepler, iliyorushwa angani Machi 2009. Kulea si kutoa jina rasmi, na mradi haukudai kuwa ni hivyo. Twaiona njia hiyo kuwa safi zaidi kuliko ile ya kuuza ramani, ingawa Uwingu nao walitoa ruzuku kwa kweli na hawakuficha kwamba wanabishana na Umoja.

Mtoto wa darasa la sita aweza kulipima jambo hili kwa hesabu. Tuseme watu 1,000 wamelipa dola 5 kila mmoja, na nusu ya mapato ndiyo inayokwenda kwenye utafiti: ni dola ngapi zimefika kwenye darubini, na ngapi zimebaki kwa mwuzaji? Badili nusu iwe robo, kisha iwe asilimia 10. Baada ya hesabu, watoto wajifunze kuuliza: ni nani anayepokea fedha, kiasi gani kinafika kwenye kazi iliyotajwa, jina litaandikwa katika kitabu gani, na ni nani mwingine atakayelitumia. Maswali hayohayo yanafaa kwa mchango wa dawati na wa tanuru la matofali, na ndiyo maana tunasisitiza somo hili lisiachwe kuwa la burudani. Jambo moja mwalimu mwanafunzi asilifanye: asikusanye fedha halisi za watoto kwa ajili ya zoezi, hata shilingi mia. Vifuniko vya soda vinatosha.

Kipindi cha mwisho kiwe cha usiku, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi, na watoto wasindikizwe na watu wazima. Katika Geita miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo yenye anga safi. Mwezi wa Juni au Julai, saa tatu usiku, tazameni kusini: Msalaba wa Kusini utaonekana, na kando yake nyota mbili angavu. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alfa Sentauri, ambayo mwenzi wake aliuziwa watu jina la sayari isiyokuwapo. Watoto waliokwisha kuisikia habari hiyo darasani hutaka kuiona nyota yenyewe kwa macho yao.

Kilimia chahitaji msimu mwingine. Jioni za Desemba hadi Februari huonekana upande wa kaskazini, kikundi kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana. Jina lenyewe latokana na kulima, kwa kuwa wakulima walikitumia kupima majira: pwani kilipozama wakati wa mvua za masika, walijua kwamba kitazuka tena alfajiri wakati wa jua. Hili ni jina lililofanya kazi shambani kwa vizazi vingi, na hakuna aliyelilipia.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani tunayoipendekeza ni hii. Kila mtoto amwulize mzee mmoja, awe msemaji wa Kisukuma, Kizinza, Kisumbwa au lugha nyingine ya nyumbani, ni nyota zipi zilizokuwa na majina na zilitumiwa kwa kazi gani. Majibu yaandikwe katika daftari moja la darasa: jina, lugha, upande wa anga, mwezi na saa nyota hiyo inapoonekana. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe majibu yote mawili, wala mwalimu asichague mshindi. Baadhi ya majina yatakuwa ya nyota ambazo mwalimu hataweza kuzitambua. Aache nafasi tupu mbele yake mpaka mzee mwenyewe atakapotoka nje usiku mmoja na kumwonyesha kwa kidole. Mazoezi ya kufundisha yakiisha daftari libaki kwa mwalimu wa darasa, maana nyota iliyofichwa na mawingu ya Desemba itaonekana Februari, na watoto watahitaji mahali pa kuiandika.